Vidonge vya homoni baada ya kutolewa titi: zamu yake ni lini?

Mama mdogo alitolewa titi mwezi wa tatu kwa sababu ya saratani. Jirani yake hapo Uyole, Mbeya, alifanyiwa upasuaji kama huo wiki mbili baadaye, na mwezi wa tano alikuwa tayari anameza tamoksifeni, kimojawapo cha vidonge vinavyoitwa vya homoni. Mama mdogo bado yuko kwenye dripu za kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, kidonge hata hajakiona. "Mwanangu, mimi wamenisahau," aliniambia tukimenya viazi.

Hakusahauliwa. Ila maneno yanayozunguka pale mtaani ni mengi, na baadhi yana madhara.

"Vidonge visipoanza mara tu baada ya upasuaji, umeshachelewa."

Inategemea kuna kemo au hakuna. Uvimbe wa jirani ulikuwa mdogo na tezi za kwapani zilikuwa safi, madaktari wakaona kemo haihitajiki. Kwa mtu wa namna hiyo vidonge huanza wiki chache baada ya upasuaji. Mwenye kemo husubiri dripu ya mwisho kwanza. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha wanawake waliokoma hedhi waliopewa tamoksifeni sambamba na kemo na wale waliopewa baada ya kemo. Mwelekeo ulikuwa kwamba ni afadhali kufuatanisha: kemo kwanza, vidonge baadaye. Halafu tamoksifeni na kemo zote mbili huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, kwa hiyo kuzirundika pamoja si jambo la kukimbilia.

Mionzi ni habari nyingine. Wanaosafiri kutoka huku hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wengine hutumia vidonge wakiwa kwenye mionzi, wengine huanza wakimaliza. Daktari wako ndiye wa kuamua.

"Kila aliyetolewa titi anapewa."

Hapana. Nilimwomba mama mdogo faili lake. Lilikuwa ndani ya mfuko wa rambo, limefungwa na kipande cha kanga, na katikati kuna karatasi ya majibu ya kinyama kilichotolewa kwenye uvimbe kikapimwa, imekunjwa mara nne. Karibu na mwisho: ER chanya, PR chanya. Maana yake seli za uvimbe wake zina vipokezi vya homoni, yaani zinasukumwa na homoni za kike, estrojeni (ndiyo ER) na projesteroni (ndiyo PR). Zote zikiwa hasi, vidonge hivi havina kazi. Ukihamishiwa hospitali nyingine, sahau nguo ukipenda, lakini karatasi hiyo usiiache.

"Ni homoni, kama kijiti cha uzazi wa mpango."

Ni kinyume chake kabisa. Kwenye titi, tamoksifeni hukalia kiti cha estrojeni, estrojeni ikija inakuta pamejaa. Vidonge vingine vya kundi hili, anastrozoli na letrozoli, hupunguza utengenezaji wa estrojeni yenyewe. Hizo ni za waliokoma hedhi, au ambao ovari zao zimezimwa kwa sindano au upasuaji. Na tamoksifeni haizuii mimba! Anayeitumia hatakiwi kushika mimba, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na kinga yake iwe isiyo na homoni: kondomu au kitanzi cha shaba.

"Mwaka mmoja unatosha, mbona sina maumivu?"

Hapa ndipo ninapogombana na watu. Muda wa kawaida ni miaka 5, na wengine huongezewa hadi 10. Kwa wenye uvimbe wenye vipokezi, miaka 5 ya tamoksifeni hupunguza vifo vya saratani hiyo kwa karibu theluthi moja katika miaka 15 ya kwanza. Kutosikia maumivu hakukuambii lolote kuhusu seli zilizojificha. Na aliyechelewa kuanza, hata kwa miezi kadhaa, arudi kliniki aulize. Asijihukumu kwamba basi tena. Ukisahau kidonge cha jana, cha leo usikifanye viwili.

Madhara yapo. Jirani hufukuza blanketi usiku wa Julai, wakati sisi wengine Mbeya nzima tumejikunja ndani ya masweta. Joto hilo ni usumbufu, mwambie daktari, usiache dawa kimyakimya. Lakini damu ukeni baada ya kukoma hedhi, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kukata ghafla, hayo si ya kungoja tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mama mdogo amebakiza dripu mbili.