RDW yako si cheti cha kuzaliwa

Huyu ni wa nne mwezi huu. Msichana wa Kondele, hapa Kisumu, miaka 29, anatibiwa baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) kwa dawa ya lithiamu, ameingiza majibu yake ya damu kwa kalkuleta ya intaneti ikamwambia damu yake ni ya mtu wa miaka 41. "Daktari, huu ugonjwa umenila miaka 12?" (Mimi ni mtu wa lab, lakini huku kila mwenye koti jeupe ni daktari.) Nikamwambia wacha kulia kwanza, leta hiyo hemogramu (karatasi ya hesabu ya seli za damu) tuone.

RDW, yaani kipimo cha jinsi seli nyekundu zinavyotofautiana ukubwa, 17. Nilijua tu!

Hizo kalkuleta nyingi zinatumia fomula ya PhenoAge ya 2018, ya kukadiria umri wa mwili kwa damu, vipimo 9 vya kawaida tu, albumini (protini ya damu), kreatinini (ya figo), sukari, CRP (inayopanda mwili ukiwa na inflamesheni, kama maambukizi) na wenzao, halafu unajazia umri wako. Na humo ndani RDW ndiyo mbabe, ikipanda asilimia 1, tuseme 13 hadi 14, unarushiwa kama miaka 3 na nusu, kwa hivyo kutoka 13 hadi 17 ni miaka 14 na hujazeeka popote. MCV (ukubwa wa wastani wa seli nyekundu) ikishuka inakurudishia michache, si yote. Sasa huku kwetu RDW inapandishwa na nini? Kukosa madini ya chuma, jamani. Hedhi nzito, minyoo ya safura, chai juu ya kila mlo. Na chuma kikiisha mtu anachoka, anakosa raha, anadhani depresheni imerudi. Fomula ilifunzwa kwa damu ya Wamarekani, hiyo haijui malaria ya Ahero, na malaria peke yake inaweza kupeleka CRP juu ya 100.

Halafu yuniti! Lab zetu zinaandika CRP kwa mg/L, fomula inataka mg/dL, huyu dada alikuwa na 12 akajaza 12 badala ya 1.2, hapo amejizeesha miaka 2 na ushee kwa kidole chake mwenyewe. Kinyume chake, chupa ikiletwa na boda kwa jua bila kuzungushwa kwa mashine ya kutenga seli, seli zinaendelea kula sukari saa baada ya saa, sukari inashuka, unatoka kijana. Hongera.

Sikatai kwamba kuna kitu. Ukikusanya wenye depresheni na baipola wengi, wastani wa umri wao wa damu hutoka mkubwa kidogo, na ni kweli wanakufa mapema, moyo na mishipa hasa. Lakini huo ni wastani wa kundi, toa sigara, usingizi mbovu na uzito unaoletwa na dawa uone pengo linavyopungua. Inflamesheni inaleta huzuni ama huzuni inaleta inflamesheni? Mimi hubadilisha mawazo kila mwaka. Hata lithiamu, kuna tafiti zimekuta wanaoitumia wana telomea ndefu (vile vifuniko vya ncha za kromosomu vinavyofupika na umri), lakini anayedumu kwa lithiamu miaka mingi mara nyingi ndiye ambaye ilimkubali, sasa sifa tumpe nani?

Kinachoniudhi kabisa ni huyu dada alikuwa ameshaacha lithiamu siku tatu, eti inazeesha damu. Ukiwa kwa lithiamu, vipimo vyako ni levo (kiasi cha dawa kwenye damu), saa 12 baada ya dozi ya mwisho, kreatinini na TSH (ya tezi la shingo). Hivyo usikose.

Nimemrudisha kliniki leo leo, na nimemwandikia barua aombewe feritini (kipimo cha akiba ya chuma). Nayo feritini inaweza kupanda CRP ikiwa 12, ikaficha upungufu, kwa hivyo ikitoka "kawaida" bado sitaiamini.