Msimamo wa SEC haupangi mechi za Bowl

Mashabiki wengi wa futiboli ya Marekani ya vyuo hutabiri mechi za Bowl za mwisho wa msimu kwa kufuata msimamo wa ligi ya SEC (Southeastern Conference, mojawapo ya ligi kubwa za vyuo): wa nne huku, wa tano kule. Sivyo ilivyo. Mchujo wa ubingwa wa taifa ukishachukua timu zake, waandaaji wa Citrus Bowl, mojawapo ya mechi hizo, huchagua timu ya SEC kwanza. Zinafuata mechi sita, na tangu 2014 ofisi ya SEC ndiyo huzipangia timu, baada ya kuvisikiliza vyuo na waandaaji. Hata sharti la timu kuwa na ushindi sita ili icheze Bowl hulegezwa: msimu wa 2015, nafasi zilipobaki wazi, Nebraska ya Big Ten (ligi nyingine ya vyuo) yenye ushindi 5 na vipigo 7 iliingia kwa rekodi ya masomo ya wachezaji wake, ikaichapa UCLA 37-29.