Sinario za tabianchi: tunayoyasikia huku Moshi na ukweli wake

Jumapili moja nilikuwa Kibosho kwa babu, tumekaa kibarazani baada ya ibada, mlima Kilimanjaro umefunguka wote mpaka juu, na babu akanyoosha mkono kuelekea kileleni akaniuliza swali ambalo nimeshaulizwa mara nyingi sana tangu watu wajue nasoma mambo ya tabianchi: "Mjukuu wangu, si mlisema ile barafu inaisha 2020? Mbona naiona pale?"

Nikamwambia babu swali lako ni zuri, na mi naliandika hapa pamoja na mengine ninayosikia kwenye daladala na chuoni, maana saa hizi watafiti duniani wanasasisha zile sinario, yaani picha za namna dunia inavyoweza kuwa miaka ijayo, zinazotumika kupanga mambo ya tabianchi na naona wengi wetu tunaliangalia hili kwa mbali kama halituhusu, wakati linatuhusu kabisa.

Dhana: Sinario ni utabiri, na ukikosea basi wanasayansi wametudanganya.

Mwaka 2002 mtafiti wa barafu Lonnie Thompson na wenzake waliandika kwamba IKIWA hali ya karne ya 20 itaendelea vilevile, barafu ya Kilimanjaro ingeweza kuisha kati ya 2015 na 2020. Ile haikuwa hata sinario kamili, walichukua mwendo wa barafu kupungua wakauvuta mbele. Lakini habari ilipofika huku mtaani neno "ikiwa" lilishadondoka njiani, ikabaki tarehe peke yake. Na mwelekeo wenyewe hawakuukosea, maana kati ya 1912 na 2007 eneo la barafu lilishapungua kwa karibu asilimia 85, babu mwenyewe anakumbuka utotoni kwake kule juu palivyokuwa peupe.

Sasa sinario ni "ikiwa" iliyopangwa vizuri. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa utabiri wa masika inakwambia inatarajia nini miezi mitatu ijayo. Sinario haikwambii hivo. Inasema ikiwa watu duniani watakuwa wengi kiasi hiki, wakisoma kiasi hiki, wakipikia na kusafiria nishati ya aina hii, misitu ikibaki au ikiondoka, basi joto litapanda hapa. Alafu inabadilisha hizo "ikiwa" na kupiga hesabu upya. Anayejenga daraja au kuchagua miche ya kahawa itakayozaa miaka 30 anahitaji kuona njia zaidi ya moja.

Dhana: IPCC ndo wanaotunga sinario.

Zamani ndiyo. IPCC ni lile jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, lilianzishwa 1988 na lilikuwa linatengeneza seti zake lenyewe, kuna ya 1992 na nyingine ya 2000. Mwaka 2006 likaamua kuacha hiyo kazi kwa jumuiya ya watafiti, lenyewe likabaki kuzitathmini. Watu wengi hawalijui hili na ndo msingi wa mambo yote ninayoandika hapa, kwa sababu kama kazi ni ya jumuiya ya watafiti basi mtafiti aliyekaa kwenye vituo vya utafiti vya huku kwetu, Tengeru au Lyamungo, naye ni jumuiya, hahitaji kuteuliwa na serikali yoyote ili aseme hapa mmekosea.

Dhana: Ile 8.5 ndo tunakoelekea tusipofanya kitu.

Hapana. Namba kama 2.6, 4.5 au 8.5 ni wati za nishati ya ziada kwa kila mita ya mraba ya dunia ikifika 2100. 8.5 iliwekwa kuwa ukingo wa juu kabisa, dunia inayochoma makaa ya mawe kwa fujo. Ripoti ya sita ya IPCC imesema yenyewe kwamba uwezekano wa njia za juu namna hiyo ni mdogo ukiangalia mabadiliko ya karibuni kwenye sekta ya nishati. Hiyo haina maana tuko salama jamani. Njia ya kati, 4.5, ripoti hiyohiyo inaiwekea ongezeko la joto la kama nyuzi 2.7 mwisho wa karne, na kwa mkulima wa kahawa hilo ni joto kubwa sana. Kuna utafiti wa 2015 kuhusu arabika ya Tanzania ulioonyesha kila nyuzi moja ya joto la usiku inapopanda, mavuno yanashuka kwa kama kilo 137 kwa hekta. Joto la USIKU, ambalo hata wengi hatulihesabu.

Dhana: Sinario ni hesabu za kompyuta, mtu wa kawaida au mtafiti wa huku atachangia nini.

Hapa naomba nikae kidogo maana ndipo panaponiuma.

Sinario zinazotumika sasa zinaitwa SSP, yaani njia za pamoja za jamii na uchumi, na ziko tano, na kabla hazijawa hesabu zilikuwa hadithi. Kweli, hadithi zilizoandikwa kwa maneno: moja ya dunia inayoelekea kwenye uendelevu, moja ya kati, moja ya nchi kununiana na kila mtu kujifungia kwake, moja ya ukosefu wa usawa, na moja ya maendeleo ya kuchoma mafuta. Ndipo hadithi zikageuzwa kuwa namba, idadi ya watu, elimu, uchumi, ukuaji wa miji. Ile ya kujifungia inafikisha dunia watu zaidi ya bilioni 12 mwaka 2100, ya uendelevu inaishia karibu bilioni 7. Tofauti kubwa hiyo inatokana sana na mawazo ya mtu kuhusu wasichana watasoma kiasi gani, hasa Afrika. Yaani sisi tumo humo ndani sana, tena sisi ndo tunaoisogeza namba.

Sasa angalia nani alizigeuza. Modeli tano, yaani programu za kompyuta za kupigia hesabu, zilizowakilisha hizo hadithi tano zilitoka Uholanzi, Austria, Japani, Marekani na Ujerumani. Hakuna hata moja ya Afrika. Silaumu watu, kazi waliifanya na waliiweka wazi kila mtu aione. Ila nenda jikoni kwa shangazi yangu pale Majengo uone. Mtungi mdogo wa gesi uko kwenye kona, huo ni wa chai ya asubuhi na kupasha chakula cha watoto. Maharage na kiburu vinaenda kwenye jiko la mkaa nje mlangoni, kwa sababu gesi ikiisha tarehe 20 hela ya kujaza hamna mpaka mwisho wa mwezi. Na mvua ikinyesha mfululizo mkaa ukilowa anarudi kwenye kuni. Nishati tatu nyumba moja, mwezi mmoja. Serikali imeweka lengo la asilimia 80 ya watu kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, sawa, na shangazi akiulizwa atasema ndiyo ana gesi. Modeli itamhesabu wapi? Hili hulijui ukiwa mbali, anayelijua ni yule aliyekaa kwenye kigoda pale nje akikuna nazi.

Kuna watafiti wa India waliopitia sinario zaidi ya 500 zilizotumika kwenye ripoti ya sita wakakuta kwamba nyingi zinaacha kipato na matumizi ya nishati ya Afrika kusini mwa Sahara chini sana mpaka 2050. Yaani dunia inapoa kwenye karatasi huku sisi tukibaki gizani. Hilo ni chaguo la mtu aliyeandika, na chaguo linaweza kuhojiwa.

Dhana: Wakisasisha maana yake za mwanzo zilikuwa mbovu.

Takwimu za mwanzo za SSP zilianzia kama 2010. Tangu hapo umekuja ugonjwa wa korona, bei ya sola imeporomoka, na sisi tumehesabiwa mara mbili: milioni 44.9 mwaka 2012, milioni 61.7 mwaka 2022. Usiposasisha unapanga nyumba ya familia ambayo imeshaongezeka. Mwaka 2024 zilitolewa namba mpya za watu na uchumi, kwisha.

Dhana: Maoni wanaulizwa maprofesa wa Ulaya tu.

Mikutano mikubwa imefanyika Denver 2019 na karibu na Vienna 2022, na sitasema nauli na viza ni jambo dogo, si dogo. Lakini rasimu ya sinario za awamu mpya ya modeli iliwekwa wazi mtandaoni kila mtu aisome na atoe maoni, bila kulipa chochote. Kinachokosekana huku kwetu ni muda uliolipiwa wa kukaa na kuisoma, na mwalimu wa kumwambia mwanafunzi hii nayo ni kazi ya utafiti.

Nilivyomaliza kumweleza babu hayo yote akakaa kimya kidogo, akauliza, "Kwenye hizo tano zenu, mfongo wangu uko wapi?" Mfongo ndo ule mfereji wa asili wa kuleta maji shambani.

Nikamwambia ukweli. Modeli kubwa za tabianchi ya dunia zinagawa ardhi vipande vya kama kilomita 100 kwa 100, mlima wote unaingia kwenye kipande kimoja hivi na kilele kinasawazishwa na tambarare. Nyingi zinasema mvua za Afrika Mashariki zitaongezeka, wakati masika yalishapungua kwa miongo kadhaa tangu miaka ya 80, mpaka wataalamu wenyewe wanaliita fumbo. Mfongo haumo, babu.

Akaingia ndani akatoka na daftari la zamu za maji, jalada limeliwa na mende pembeni, ndani kuna majina ya nyumba, siku, saa, na pale maji yalipokatika ameandika "hayakufika". Maandishi hayo ni ya miaka 19. Nimeshapiga picha kurasa zote, sasa nazichapa moja moja, nimefika 2009.