Kujenga pembezoni mwa Tabora: maneno ya kijiweni na ukweli wake

Ukikaa kijiweni Ipuli au Malolo jioni, stori ni viwanja, na kila mtu ni mtaalamu. Sasa kuna maneno yanazunguka kila siku ambayo yanaliza watu.

"Mwenyekiti wa mtaa kasaini na mashahidi walikuwepo, kiwanja changu kiko safi." Hapana. Ile karatasi ya mauziano inaonyesha tu kwamba fulani kamuuzia fulani, itakusaidia mkigombana, lakini mwenyekiti hana mamlaka ya kukumilikisha ardhi wala kukupa hati. Eneo kama halijapimwa huna bikoni (yale mawe ya mipaka), huna namba ya kiwanja, na siku mchoro wa mipango miji unapita unaweza kukuta barabara imepangwa katikati ya jiko lako. Kabla hujatoa hela nenda ofisi ya ardhi ya manispaa uulize pale pamepangiwa nini, maana dalali yeye atakuapia hata kwa marehemu bibi yake.

"Hati ikitoka ni yako milele." Ardhi ya Tanzania ni ya umma, Rais ndo mdhamini, wewe unapewa miaka, 33, 66 au 99, tena kwa masharti.

Hii nyingine inanichekesha: "mi silipi kodi ya ardhi, nakatwa kwenye LUKU." Ndugu yangu, inayokatwa kwenye LUKU, yaani ukinunua umeme, tangu 2021 ni kodi ya jengo, ilianza sh. 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 2023 ikawa 1,500. Kodi ya pango la ardhi ni habari nyingine kabisa, hiyo unadaiwa kila mwaka ukishakuwa na hati, ukiiacha inalimbikizwa na hati yenyewe inaweza kufutwa. Na kwa taarifa tu, kodi ya jengo ni mzigo wa mwenye nyumba, kwa hiyo mpangaji unayenunua umeme kaa nae mkatane kwenye kodi ya nyumba unayomlipa.

"Jina kwenye hati ni langu, nauza nikitaka." Kama ni nyumba mnayoishi na mwenzi wako, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema huuzi wala huweki rehani bila yeye kuridhia. Mnunuzi nawe usiogope kuuliza, "shemeji anajua?"

Halafu mchwa! Watu wanasema eti nyumba ya bloku na simenti haina mchwa, eti mchwa ni wa nyumba za tope. Mchwa hali simenti, yeye anaitumia kama njia, anapita kwenye kaufa kadogo kwenye jamvi, yaani sakafu ya zege, anapanda na kale kaudongo kake ukutani mpaka kwenye kenchi, zile mbao za paa, we unakuja kushtukia dari limelegea. Dawa inapigwa kwenye udongo kabla ya kumwaga jamvi, sio baada ya kuhamia.

Na sisi wa Tabora tunajidanganya na mninga, "mninga hauliwi." Moyo wa mninga, ile sehemu ya kahawia, kweli ni mgumu kwa mchwa, ila ile nyeupe ya pembeni inaliwa kama ubao mwingine tu, na mafundi wengine wanaichanganya kwenye fremu wanapaka vanishi ya rangi, huoni kitu. Kwa hiyo fremu kaione ikiwa bado haijapakwa, ukikuta imeshapakwa mwambie fundi aikwangue pembeni mbele yako.