Bodi ya kamera ya kitaalamu na ya nusu-kitaalamu: tofauti iko wapi hasa

Wapigapicha wanaposema bodi, wanamaanisha kamera yenyewe bila lenzi: ganda lake, kihisi kinachopokea mwanga, shata inayofunguka na kujifunga mbele ya kihisi hicho, betri, nafasi za kadi, na vitufe vyote ambavyo vidole huvitafuta bila macho kusaidia. Bodi hizo huuzwa kwa ngazi, na kwa kawaida hutajwa ngazi tatu: ya wanaoanza, ya nusu-kitaalamu na ya kitaalamu. Hakuna chombo chochote kinachopima kamera na kuzitunuku vyeo hivyo. Ni watengenezaji na wauzaji wanaozipanga rafu zao namna hiyo, na wanunuzi wakafuata. Kwa sababu hiyo ni rahisi mtu kuamini kwamba kila anapopanda ngazi picha nayo inakuwa nzuri zaidi, jambo ambalo mara nyingi si kweli kati ya ngazi hizi mbili za juu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua ni wa kamera tatu za Nikon. Mwezi Agosti 2007 kampuni hiyo ilitangaza siku moja bodi mbili, D3 na D300, kisha Julai 2008 ikaongeza ya tatu, D700. Bei zake nchini Marekani zilianza karibu na dola 5,000 kwa D3, dola 1,800 kwa D300, na dola 3,000 kwa D700. D3 ilikuwa ya kitaalamu bila ubishi. D300 iliitwa ya nusu-kitaalamu: kihisi chake kilikuwa kidogo, cha umbo ambalo Nikon huliita DX, ilhali cha D3 kilikuwa na ukubwa wa fremu ya filamu ya zamani, milimita 36 kwa 24. D700 ndiyo iliyowachanganya watu, kwa kuwa ilibeba kihisi kile kile cha megapikseli 12.1 kilichokuwa ndani ya D3, na mfumo wa fokasi wa nukta 51 ambao D3 na D300 nazo zilikuwa nao. Ukipiga picha moja kwa D3 na nyingine kwa D700, kwa lenzi ile ile na mwanga ule ule, hata mwenye macho makali hataweza kukwambia ipi imetoka kwenye kamera ipi.

Basi dola 2,000 za ziada zilinunua nini?

Tuanze na shata, maana ndiyo sehemu inayochakaa. Nikon ilieleza kwamba shata ya D3 imejaribiwa kufikia mizunguko 300,000 (mzunguko mmoja ni kufunguka na kujifunga kwa picha moja), na ya D700, sawa na ya D300, mizunguko 150,000. Namba hizo si ahadi. Zipo shata zilizopita hapo kwa mbali na zipo zilizokufa mapema. Hata hivyo zinaonyesha kamera ilikusudiwa nani. Chukua mpigapicha wa arusi anayepiga fremu, yaani picha, 2,000 katika shughuli moja na kufanya shughuli 60 kwa mwaka: anatumia mizunguko 120,000 kila mwaka. Kwa hesabu hiyo D700 inafika kwenye kipimo chake baada ya miezi 15, na D3 baada ya miezi 30. Mtu anayepiga picha za familia na safari, akafikisha fremu 10,000 kwa mwaka, hatazifikia namba hizo hata kwa ile kamera ya bei nafuu, na kwake tofauti hiyo ni ya kwenye karatasi tu. Anayenunua bodi iliyotumika ana haki ya kuuliza idadi ya mizunguko kabla ya kuuliza kitu kingine chochote; kamera za Nikon za aina hii huiandika ndani ya faili la kila picha, kwa hiyo muuzaji akisema hajui, mwombe apige picha moja papo hapo na akupe faili lake.

Jambo la pili ni kadi. D3 ilikuwa na nafasi mbili, na ungeweza kuiamuru iandike kila picha kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja. D700 ilikuwa na nafasi moja. Mimi mwenyewe niliwahi kupiga arusi kwa bodi yenye nafasi moja, na asubuhi yake kadi ya kwanza ikakataa kabisa kusomeka. Picha za nikahi zote zilikuwa humo. Zilizosalimika ni za mnuso, kwa kuwa nilibadilisha kadi kabla ya chakula. Mama wa bibi arusi aliniuliza kwa upole, “Sasa mwanangu, nikahi iko wapi?” Hakutaka kujua kihisi changu kina ukubwa gani wala fokasi yangu ina nukta ngapi. Tangu siku hiyo nafasi ya pili ya kadi ndiyo kitu cha kwanza ninachokitazama, na ningeipa uzito kuliko mwendo wa kamera mara kumi.

Mwendo wenyewe ulikuwa hivi: D3 ilipiga fremu 9 kwa sekunde, D700 fremu 5, na D300 fremu 6. Ukiifunga D700 au D300 gripu ya chini iitwayo MB-D10 pamoja na betri inayofaa, zote mbili zinafika fremu 8. Gripu hiyo inakupa pia kitufe cha pili cha kupigia unapoigeuza kamera wima, kitu ambacho kwenye D3 ni sehemu ya ganda lenyewe. Ila D700 ikishavishwa gripu na betri yake, wepesi uliokufanya uichague umekwisha: D3 ina gramu 1,240 bila betri, D700 ina 995, na gripu inaifuta tofauti hiyo yote. Betri nazo zilitofautiana sana. Kwa kipimo cha kawaida cha viwanda, ile ya D3 ilitosha fremu 4,300 kwa chaji moja, na ile ndogo ya D700 fremu 1,000. Mwandishi wa michezo anayekesha uwanjani, au mtu anayefanya kazi mahali umeme unapokatika katikati ya siku, ataelewa haraka thamani ya tofauti hiyo.

Kuna kasoro moja ya D700 ambayo huonekana ndogo kwenye maelezo ya dukani lakini ikamsumbua mtu kila siku. Kitazamio chake, yaani kile kidirisha cha kuchungulia, kilionyesha asilimia 95 ya upana na asilimia 95 ya urefu wa picha, wakati D3 na D300 zilionyesha zote. Ukizidisha hizo mbili utaona kwamba karibu sehemu moja ya kumi ya eneo la picha haikuonekana wakati wa kupiga. Unawapanga wazee vizuri, unabonyeza, kisha kwenye kompyuta unamkuta pembeni mtu na sahani yake ya pilau. Ajabu ni kwamba D300, ya bei ya chini kuliko zote tatu, haikuwa na tatizo hilo.

Ajabu haziishii hapo, na ndiyo maana nasema neno nusu-kitaalamu lisichukuliwe kama kipimo cha upungufu. D700 na D300 zilikuwa na kitetemeshi cha kukung’uta vumbi kwenye kihisi. D3 haikuwa nacho, mpaka toleo lake la D3S lililotoka 2009. D700 na D300 zilikuwa pia na flashi ndogo inayochomoza juu ya kitazamio, ambayo iliweza kuziamuru flashi nyingine zilizowekwa mbali. Mwenye D3 alilazimika kununua kifaa cha pembeni ili kufanya kazi hiyo hiyo. Flashi hiyo haikuwekwa kwenye bodi za kitaalamu ili sehemu ya juu ya ganda isiwe na mlango unaoweza kuvunjika au kupitisha maji. Lakini mpigapicha mmoja wa studio ndogo angeweza kusema, kwa haki kabisa, kwamba kamera ya bei ndogo ndiyo iliyomfaa zaidi.

Kuhusu ganda lenyewe, watu wengi hutarajia tofauti kubwa kuliko iliyopo. Zote tatu zilitengenezwa kwa aloi ya magnesiamu na kuwekewa mipira ya kuziba maji na vumbi kwenye maungio. Bodi za wanaoanza ndizo za plastiki, na baadhi yake, kama D40, hazina hata mota ya kuendesha fokasi ya lenzi za zamani. Mipira hiyo nayo ina mpaka wake: lenzi isiyozibwa ikifungwa kwenye bodi iliyozibwa, maji yatapitia kwenye lenzi.

Kitu ambacho hakionekani kwenye bodi ni huduma. Nikon ina NPS na Canon ina CPS, vitengo vya kuwahudumia wapigapicha wa kulipwa, ambavyo kwenye mashindano makubwa kama Olimpiki huweka kaunta za kusafisha, kutengeneza na kuazima vifaa. Uanachama hutegemea vifaa unavyomiliki, na masharti hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Kwa mtu aliye mbali na kaunta hizo, sehemu hiyo ya bei ya bodi ya kitaalamu ni pesa anayolipia huduma ya wengine.

Kamera zisizo na kioo, yaani zisizo na kile kioo cha ndani kinachopeleka mwanga wa lenzi kwenye kitazamio, zimebadilisha hesabu, ila mgawanyo umebaki. Nikon Z9 ya 2021 na Z8 ya 2023 zinarudia kisa cha D3 na D700 karibu hatua kwa hatua: kihisi kimoja cha megapikseli 45.7, prosesa moja, mwendo mmoja wa fremu 20 kwa sekunde kwa mafaili ghafi, yaani RAW, ambayo kamera haijayachakata kuwa picha kamili. Shata ya kimakanika haipo kabisa katika zote mbili, kwa hiyo namba za mizunguko tulizozihangaikia hapo juu hazina tena kazi. Kinachozitenganisha ni uzito, gramu 1,340 kwa 910 pamoja na betri, ukubwa wa betri yenyewe, tundu la kebo ya mtandao ambalo Z8 haina, na joto, kwani ganda dogo hupoa kwa shida zaidi video ndefu inaporekodiwa. Na kadi, bado. Z9 ina nafasi mbili za aina moja, za CFexpress. Z8 ina moja ya CFexpress na moja ya SD iliyo polepole zaidi, na ukitaka nakala mbili za kila picha, kamera inalazimika kwenda kwa mwendo wa ile iliyo nyuma. Mpigapicha wa mpira atalihisi hilo kabla mshambuliaji hajafika langoni, wa nikahi hatalihisi.