Hija ya Char Dham: hesabu usiku kabla ya mahekalu

Diwali ikishapita, simu yangu haipumziki. Wanaopiga ni watoto wa wazee wa Kihindu wa Upanga, wa Mombasa, wakati mwingine wa Kampala. Swali ni lile lile: "Ba (mama au bibi, kwa Kigujarati) anataka kwenda Char Dham kabla miguu haijagoma. Tuweke siku ngapi?" Kazi yangu ni kupanga safari hizi, na kabla sijataja idadi ya siku huwa nauliza kwanza: Ba atalala wapi, na mahali hapo pana mwinuko gani?

Char Dham ya milimani ni mahekalu manne katika jimbo la Uttarakhand, kaskazini mwa India. Hufuatwa kutoka magharibi kwenda mashariki: Yamunotri, Gangotri, Kedarnath, kisha Badrinath. Yote yako juu ya mita 3,000, na Kedarnath iko mita 3,583. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu anaielewa namba hiyo, maana kambi ya Horombo iko mita 3,720. Lakini mpanda Kilimanjaro hulala Mandara kwanza, na tangu getini waongozaji wanamwambia pole pole. Hujaji wa Kedarnath anaweza kuamka Guptkashi, mji wa chini mita 1,300 hivi, akapanda helikopta Phata, na dakika chache baadaye akawa mbele ya hekalu, akivuta hewa yenye takriban theluthi mbili tu ya oksijeni aliyoizoea pwani. Na huyo ni mtu wa miaka 70, mwenye presha, ambaye pengine amefunga tangu jana ili apate darshani, yaani kumwona mungu hekaluni, akiwa safi. Mwaka 2022 zaidi ya mahujaji 200 walifariki katika njia hizi, wengi wao kwa moyo na kwa mwinuko. Ndiyo maana sikubali kupangiwa kazi kwa haraka.

Ratiba zinazouzwa sana huanzia Haridwar na kulaza watu Barkot, Uttarkashi na Guptkashi. Miji hiyo yote iko chini ya mita 1,500. Mchana unapanda, jioni unashuka, na mwili haupati nafasi ya kuizoea hewa nyepesi. Unafika siku ya Kedarnath ukiwa mgeni kama siku ya kwanza. Mimi huvunja ratiba hiyo pale Gangotri. Badala ya kurudi Uttarkashi, wazee wangu hulala usiku mbili Harsil, kijiji cha matufaha kando ya mto Bhagirathi, juu kidogo ya mita 2,500. Siku ya katikati tunakwenda Gangotri kwa gari, tunateka maji ya Ganga, tunarudi. Usiku wa kwanza kichwa kinauma kidogo. Wa pili watu wanalala vizuri. Usiku mbili hizo huongeza gharama, na kila mara kuna mtoto anayenibishia. Sipunguzi.

Helikopta siipingi. Naipenda kwa kushuka. Kutoka Gaurikund hadi Kedarnath ni kilomita 16 hivi za kupanda: kwa miguu, juu ya nyumbu, au kwenye machela inayobebwa na watu wanne. Mzee apande kwa machela taratibu, alale juu ikiwa anajisikia vizuri, kesho yake ashuke kwa helikopta kama anga imefunguka. Wingu likishuka haziruki, kwa hiyo acha siku moja tupu mbele. Tiketi huuzwa katika tovuti rasmi inayoendeshwa na IRCTC, kampuni ya serikali ya tiketi na utalii wa reli za India, na ni lazima kwanza uwe na namba ya usajili wa hija. Familia moja ilinijia ikilia: walikuwa wamelipia viti sita kwenye tovuti ya matapeli iliyofanana na ile halisi.

Kuhusu tarehe, usinunue tiketi ya ndege kwa kukisia. Yamunotri na Gangotri hufunguliwa siku ya Akshaya Tritiya, sikukuu ya Kihindu ya Aprili au Mei. Siku ya kufungua Kedarnath hutangazwa sikukuu ya Maha Shivaratri, usiku wa mungu Shiva, kule Ukhimath, mji wa chini ya Kedarnath. Ya Badrinath hutangazwa Basant Panchami, sikukuu ya kukaribisha majira ya kuchipua. Mei na Juni ni msongamano mkubwa. Julai na Agosti ni mvua za monsuni na maporomoko ya ardhi. Mimi sipeleki mtu. Nachagua katikati ya Septemba hadi Oktoba, anga ikiwa imeoshwa na foleni zimepungua. Mvua katika milima ile si ya kuchezea. Tarehe 16 na 17 Juni 2013 mafuriko yaliufagia mji wa Kedarnath na kuua maelfu ya watu. Jiwe kubwa lilibingirika likakwama nyuma ya hekalu, likayagawa maji pande mbili, na hekalu likabaki limesimama. Jiwe lipo mpaka leo, na mahujaji hulizunguka na kuligusa kwa paji la uso.

Karatasi: viza ya India, usajili wa hija, na kadi ya njano. Hiyo ya mwisho watu huisahau. Anayetoka Kenya au Uganda bila cheti cha chanjo ya homa ya manjano anaweza kuwekwa karantini India hadi siku 6, na chanjo huanza kuhesabiwa baada ya siku 10. Wa Tanzania nao nawaambia waibebe, hasa wanaopitia Nairobi au Entebbe.

Kwa daktari nendeni miezi miwili kabla, mkamtajie mita 3,583 kwa namba. Mkisema "milimani" tu hataelewa uzito wake. Mwulizeni kuhusu asetazolamaidi, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, na kama dawa za presha na kisukari zibadilishwe. Kisha mzee atembee kila jioni. Na mkiwa kule, mtu akiyumba, akichanganya maneno, au akihema hata akiwa amekaa, anashushwa saa hiyo hiyo, hata kama mlango wa hekalu uko hatua kumi mbele. Darshani itamngoja.

Yamunotri wachuuzi huuza vifurushi vya mchele vilivyofungwa kwenye kitambaa. Unakichovya katika Surya Kund, chemchemi inayochemka kando ya hekalu, unangoja, kinatoka kizito na mchele umeiva. Hiyo ndiyo prasadi, chakula kilichobarikiwa cha hekalu. Nimeona mama wa miaka 68 akikishika kwa pindo la sari kwa sababu ya moto, akikipuliza kama anampoozea mtoto uji, na machozi yakimtoka.

Na yule ambaye daktari amemkataza? Mpelekeni majira ya baridi. Theluji inapofunga Kedarnath, sanamu ya Kedarnath, yaani mungu Shiva, hushushwa kwa maandamano hadi Ukhimath, mita 1,300 hivi, na ibada huendelea huko mpaka mlango wa juu ufunguliwe tena. Gari linafika karibu, foleni ni fupi, na mzee anaweza kukaa mbele ya Kedarnath wake kadiri apendavyo. Mpakieni soksi nene jozi mbili: viatu huvuliwa nje, na sakafu ya mawe mwezi wa Desemba ni baridi kweli kweli.