128 si kilo za maharage

Jirani yangu hapa Majengo, Moshi, alinijia na karatasi mkononi. Mwanawe wa miaka sita kapata 128 kwenye jaribio la akili, na darasa la wenye vipaji analolitaka linachukua kuanzia 130. "Kumbe hana akili," akasema.

Dada, hapana. Namba hiyo si kama mzani wa maharage sokoni Mbuyuni. Inamlinganisha mtoto na wa umri wake: wastani umewekwa 100, na wanaofika 130 ni kama 2 tu katika kila 100. Kipimo chenyewe huyumba alama tano hivi, juu au chini. Mtoto akiwa hajalala, akimwogopa mpimaji, au akiulizwa kwa Kiingereza wakati nyumbani ni Kichaga na Kiswahili, alama hushuka. Na kwa umri huo hubadilika sana akipimwa tena baada ya miaka michache.

Alfred Binet na Théodore Simon, waliotunga jaribio lao la akili Ufaransa mwaka 1905, walikuwa wanatafuta watoto wa kusaidiwa darasani. Kusaka vipaji kulikuja baadaye, Marekani.

Huyo "asiye na akili" juzi alinihesabia chenji ya mkaa kabla sijafungua simu.